Barbara Kimenye na Shule ya Watoto Walioshindikana

Katikati ya miaka ya 1950 Bukoba ilikuwa mji wa kahawa na ndizi, mji wa mvua nyingi, na njia yake kuu ya kutokea ilikuwa ziwa. Meli ziliiunganisha na Mwanza upande wa kusini, Kisumu upande wa mashariki, na kaskazini Port Bell, bandari ya Kampala. Haukuwa mji uliolala. Mwaka 1952 Buhaya ilimwona mwanawe Laurean Rugambwa akiwekwa wakfu kuwa askofu, na kahawa ilikuwa imewawezesha wazazi wengi kulipa karo. Kwa hiyo mtoto wa chifu wa huko kuvuka bahari kwenda kusoma Uingereza halikuwa jambo la kuwashangaza watu siku nzima. La kushangaza ni kwamba kijana mmoja wa ukoo wa Kimenye aliporudi nyumbani alikuwa na mke aliyemkuta London, msichana wa Yorkshire aliyekuwa akisomea uuguzi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Barbara Clarke Holdsworth. Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1929 Halifax, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, na baba yake alikuwa daktari aliyetoka visiwa vya Karibi. Alisoma katika shule ya sekondari ya wasichana ya Keighley, si mbali na nyumbani, kisha akashuka London kujifunza unesi. London ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa imejaa wanafunzi kutoka makoloni: Wanaijeria, Waganda, Watanganyika, watu wa Karibi. Walikutana katika hosteli, katika dansi, katika mikutano ya siasa. Hapo ndipo Barbara alipopata mume, na pia marafiki ambao baadaye wangeyabadili maisha yake kuliko ndoa yenyewe.

Ndoa haikudumu. Wana wawili walizaliwa, kisha wazazi wakaachana. Mwanamke aliyejikuta peke yake na watoto wadogo ugenini angeweza kukata tiketi ya meli akarudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Barbara hakurudi. Alivuka ziwa akaenda Kampala, akabaki na jina la Kimenye, na kwa jina hilo vizazi kadhaa vya wasomaji vimemjua hadi leo.

Miongoni mwa watu aliofahamiana nao London alikuwamo Edward Mutesa, Kabaka wa Buganda. Mutesa alikuwa amefukuzwa nchini mwake na gavana wa Kiingereza mwaka 1953, akakaa uhamishoni Uingereza hadi Oktoba 1955, aliporudishwa na kupokewa kwa shangwe ambayo wazee wa Kampala waliisimulia kwa miaka mingi. Barbara alipofika Kampala alipata kazi katika serikali ya Kabaka huko Mengo, akiwa katibu. Kazi hiyo ilimweka mahali ambapo wageni wachache sana walifika. Makao ya ufalme hayakupokea mabalozi na mawaziri peke yao. Walikuja pia machifu wa gombolola na vijiji wenye kesi zao za mashamba, wajane waliodai haki, wazee waliotaka kutambuliwa kwa heshima zao, na watu waliotembea siku nzima ili jambo dogo lisikike kwa mkubwa. Mtu mwenye masikio aliyeketi pale angeijua Buganda ya vijijini bila kuulizia.

Kisha akaingia katika uandishi wa habari, kwenye gazeti la Uganda Nation, ambalo halikuishi muda mrefu. Gazetini ndiko alikojifunza kuandika kwa ufupi, na nadhani ndiko alikojifunza pia kutomdharau msomaji wa kawaida. Mwandishi wa gazeti hapewi nafasi ya kujipamba. Ana safu chache, ana saa chache, na kesho yake kazi yote inafungiwa maandazi. Ukisoma hadithi zake utaona alama ya shule hiyo: aya fupi, mazungumzo yanayokwenda mbio, na kisa kinachoanza katika sentensi ya kwanza.

Sasa tufike mwaka 1965. Mwaka huo Taban lo Liyong, kijana mkali wa kalamu, alitoa lalamiko ambalo halijasahaulika mpaka leo: kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Alikuwa na sababu. Afrika Magharibi ilikuwa na Chinua Achebe, Cyprian Ekwensi na Wole Soyinka. Kwetu, kwa upande wa Kiingereza, Ngugi wa Thiong'o alikuwa ameanza tu mwaka uliotangulia kwa Weep Not, Child. Lakini mwaka uleule wa lalamiko, Oxford University Press walitoa kitabu chembamba cha hadithi fupi kiitwacho Kalasanda, kikafuatiwa mwaka 1966 na Kalasanda Revisited. Jina lililokuwa juu ya jalada ni Barbara Kimenye.

Kalasanda ni kijiji cha kubuni cha Buganda, lakini aliyewahi kukaa kijijini kokote anawajua watu wake. Yuko Pius Ndawula, mzee anayeishi peke yake, ambaye siku moja anashinda fedha nyingi kwa kubahatisha matokeo ya mpira wa Uingereza. Kabla jua halijazama amepata jamaa asiowajua. Wanakuja kwa mabasi, wanalala sebuleni, wanakunywa chai yake, kila mmoja akiwa na mradi unaongoja mtaji. Waandishi wa magazeti nao wanafika na kamera. Mzee wa watu anachotaka ni utulivu tu, na rafiki yake wa zamani Yosefu Mukasa wa kuzungumza naye. Yuko pia mzee Kibuka, aliyestaafu kazi katika makao ya gombolola na kuona kwamba kustaafu si maisha. Mjukuu wake anamletea mtoto wa nguruwe. Kibuka anampenda mnyama huyo kiasi cha kulala naye chumba kimoja, na nguruwe anakua mpaka mabaki ya chakula cha jirani wote hayamtoshi. Siku moja pikipiki inamgonga, anakufa, na swali la nini kifanyike na nyama linamfikia mzee Kibuka akiwa katikati ya majonzi. Mwisho wa kisa hicho, mzee anapoketi mezani kwa rafiki yake na kugundua kwamba anakula kwa hamu, ni kati ya miisho mizuri zaidi niliyoisoma katika hadithi fupi za eneo letu. Kimenye hamsuti. Anamwacha ale, ashibe, na abaki mtu yule yule tuliyemhurumia kurasa mbili nyuma.

Mtu anaweza kulalamika kwamba kijiji hicho ni cha upole mno, kwamba mkoloni na siasa havionekani. Lakini tazama tarehe. Tarehe 24 Mei 1966, mwaka uleule wa kitabu cha pili, wanajeshi wa serikali ya Milton Obote chini ya Idi Amin walilishambulia jumba la Kabaka hapo Mengo. Mutesa aliruka ukuta, akatorokea Congo na Burundi hadi Uingereza, na London ndiko alikofia mwezi Novemba 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Machifu wa gombolola, wazee walinzi wa makaburi ya watawala, heshima ndogondogo na ugomvi mdogomdogo uliolindwa na mpangilio ule, vyote viliingia katika miaka ya msukosuko. Kimenye aliiandika Buganda ile ikiwa bado inapumua, na aliiandika kwa mkono wa mtu aliyekuwa na sababu ya kuipenda. Hatuna picha nyingi za namna hiyo kutoka miaka ile.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi mwaka 1965, akifanya kazi katika Daily Nation na baadaye East African Standard. Na Nairobi ndiko alikomzaa Moses.

Ili tuone ukubwa wa jambo hilo, tukumbuke mtoto wa Afrika Mashariki alikuwa akisoma nini. Kwa Kiswahili alikuwa na tafsiri za akina Frederick Johnson zilizotoka tangu enzi za Waingereza: Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kwa Kiingereza alipewa vitabu vya watoto wa Uingereza, wenye majina ya Uingereza, wanaocheza kriketi na kula keki mchana. Uhuru ulipofika, wachapishaji na waandishi walijitahidi kuziba pengo. Charity Waciuma wa Kenya alitoa Mweru, the Ostrich Girl mwaka 1966, na mwaka huohuo Achebe akatoa Chike and the River. Mengi ya yaliyochapishwa hapa kwetu yalikuwa ngano zilizowekwa kwenye karatasi: sungura, fisi, zimwi na binti mzuri. Ni hazina, na ilikuwa lazima zihifadhiwe. Lakini ngano ni za zamani za kale. Mtoto wa mwaka 1968 aliyevaa kaptula ya kaki na kubeba sanduku la bati kwenda shule ya bweni hakuwa na kitabu ambacho ndani yake angejikuta yeye mwenyewe.

Moses alitoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Ni mvulana wa shule ya bweni, mwerevu, mwenye moyo mzuri, na asiyeweza kumaliza wiki bila balaa. Shule yake inaitwa Mukibi's Educational Institute for the Sons of African Gentlemen. Jina hilo refu lilikuwa na historia nyuma yake ambayo wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Shule kubwa za kikoloni zilijengwa kwa ajili ya watoto wa wakubwa. King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906 karibu na Kampala, ililelewa na wamisheni kwa ajili ya wana wa machifu wa Buganda. Shule ya serikali ya Tabora, alikosoma Julius Nyerere, nayo ilianza na watoto wa machifu. Alliance ya Kikuyu, ya mwaka 1926, ilichuja wachache kutoka Kenya nzima. Aliyeingia huko alikuwa ameandikiwa ofisi. Ambaye hakuingia alibaki kutafuta.

Shule ya Mukibi ni ya hao waliobaki. Ina jina la kiungwana, lakini wanafunzi wake ni wavulana ambao shule nyingine zimewakataa, waliofukuzwa huku na kule mpaka wazazi wakachoka. Mara tu baada ya uhuru, shule ndogo za namna hiyo zilichipuka pande zote. Kenya ilikuwa na shule za Harambee, zilizojengwa na wananchi kwa michango yao bila kungoja serikali, na Uganda ilikuwa na shule za watu binafsi zilizofunguliwa popote palipopatikana nyumba na mwalimu. Nyingi zilikuwa na uhaba wa kila kitu isipokuwa matumaini ya wazazi. Maelfu ya watoto walisoma humo, na kwa muda mrefu hakuna aliyewaandika. Kimenye aliwaandika. Hilo ndilo jambo lake kubwa kuliko yote, na ndilo linalonifanya nimwone mwanahistoria wa elimu yetu ingawa hakuwahi kudai cheo hicho.

Aina yenyewe ya kitabu hakuibuni yeye. Waingereza walikuwa na hadithi za shule ya bweni tangu Tom Brown's School Days ya Thomas Hughes, mwaka 1857. Walikuwa na William, mtundu wa Richmal Crompton aliyeanza vituko vyake vitabuni mwaka 1922, na Jennings wa Anthony Buckeridge, wa mwaka 1950. Msichana aliyekulia Yorkshire miaka ya 1930, tena mpenda vitabu, ilikuwa vigumu asimjue William. Lakini katika hadithi za zamani za Kiingereza shule ni mahali pa kumtengeneza mtawala: mvulana anakosea, anachapwa, anajifunza, anakuwa muungwana. Moses hatengenezwi. Kitabu kinapoisha ametoka kwenye matatizo kwa akili yake, kwa bahati, au kwa msaada wa rafiki yake mkubwa wa mwili, King Kong, na kitabu kinachofuata kinamkuta tayari kwa balaa jingine. Kimenye alikuwa na imani kwamba mtoto anayecheka anasoma, na anayesoma atajifunza mengine mwenyewe. Imani hiyo ilikuwa adimu wakati ambapo karibu kila mtu mzima aliyewaandikia watoto alitaka kuwafundisha jambo.

Vitabu vilifuatana kwa miaka ishirini na zaidi, na majina yake yanakueleza dunia ya mvulana huyo. Kuna Moses and the Kidnappers, kuna Moses and the Ghost, kuna cha shamba la shule, cha bahati nasibu, cha kupiga kambi, cha rafiki wa barua, cha sinema. Rafiki wa barua! Aliyesoma miaka ya 1970 na 1980 anakumbuka vizuri: anwani za wageni zilizonakiliwa magazetini, karatasi nyembamba ya bluu ya ndege, na miezi ya kungojea jibu. Kimenye alijua nini kilikuwa kinawasumbua na kuwafurahisha wanafunzi kwa wakati ule hasa, na alilitia kwenye kisa likiwa bado moto. Alikuwa na wana wawili waliokua mbele ya macho yake, na alikuwa na jicho la gazeti.

Vitabu viliuzwa. Inakadiriwa kwamba kazi zake, zaidi ya hamsini kwa jumla, ziliuza zaidi ya nakala milioni moja, Afrika Mashariki na kwingine barani panaposomwa Kiingereza. Kwa mwandishi wa eneo letu, hasa wa miaka ile, idadi hiyo ni kubwa mno. Nakala zilipitishwa mkono kwa mkono bwenini hadi majalada yakatoka, na watoto wengi wa Kenya na Uganda watakwambia kwamba kitabu cha kwanza walichokimaliza bila kulazimishwa na mwalimu kilikuwa cha Moses.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote, na uamuzi huo uliwapa watoto wetu lugha yao darasani. Lakini ulimaanisha pia kwamba hadithi za Kiingereza zilizowafikia watoto wa Kisumu na Jinja wakiwa na miaka kumi hazikumfikia kirahisi mtoto wa Musoma au Biharamulo wa umri huohuo. Hivyo mke wa zamani wa mtoto wa chifu wa Buhaya akajulikana zaidi ng'ambo ya pili ya ziwa kuliko Buhaya kwenyewe.

Hakuandika Moses peke yake. Kwa wadogo zaidi alitunga Martha the Millipede. Kwa vijana aliandika visa vya upelelezi na hatari, The Smugglers mwaka 1966 na The Gemstone Affair mwaka 1978, na alipokuwa amekwisha kupita umri wa miaka sitini alikuwa bado anawaandikia vijana, kwa mfano Beauty Queen. Si kila kimoja kina uzito sawa. Vingine vinaonyesha haraka ya kuandika kwa ajili ya mkate, na mwandishi aliyelea watoto peke yake kwa kalamu alikuwa na haki ya haraka hiyo. Kalasanda na vitabu vya mwanzo vya Moses ndivyo vitakavyobaki.

Miaka yake ya katikati ilikuwa ya kuhama. Katikati ya miaka ya 1970, Amin akiwa anatawala Uganda, alikwenda London, akafanya kazi katika halmashauri ya Brent akishughulikia mahusiano ya watu wa asili mbalimbali. Brent ni upande wa London wenye wahamiaji wengi, na mwanamke aliyezaliwa Yorkshire kwa baba wa Karibi na kuishi Bukoba, Kampala na Nairobi hakuhitaji kufundishwa kazi hiyo. Baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani mwaka 1986, alirudi Uganda kwa miaka michache. Kisha Kenya tena. Mwaka 1998 alirejea London, akatulia Camden.

Huko ndiko alikofariki tarehe 12 Agosti 2012, akiwa na umri wa miaka 82. Alizaliwa Mwingereza na akafia Uingereza, lakini katika vitabu vya marejeo anahesabiwa mwandishi wa Uganda, na ndivyo inavyostahili.

Historia za fasihi ya Afrika Mashariki zinamtaja kwa mstari mmoja, au hazimtaji. Zinaanza na Ngugi, Grace Ogot, Okot p'Bitek, kisha zinasonga mbele. Sehemu ya sababu ni kwamba aliwaandikia watoto, na wasomi wetu wana desturi ya kuona uandishi wa watoto kama mazoezi ya uandishi wa kweli. Sehemu nyingine ni kwamba alichekesha. Naona huo ni uonevu wa wazi. Jangwa alilolilalamikia Taban halikuondolewa na riwaya nzito peke yake. Liliondolewa pia na wasomaji, na wasomaji hao walipatikana utotoni, katika mabweni ya shule zisizo na majina makubwa, kwa kitabu chembamba cha kuchekesha.

Ninaloomba kwa wanaotunga mitaala na wanaohariri orodha za vitabu ni hili: mpeni Barbara Kimenye nafasi yake katika sura ya kwanza, pamoja na wenzake wa 1964, 1965 na 1966. Na wewe mwalimu au mzazi, ukiona nakala ya zamani ya Kalasanda au ya Moses kwenye meza ya muuza vitabu vilivyotumika, inunue, uisome kwanza mwenyewe, kisha umpe mtoto.